Lenzi ngumu inanichoma kila ikifika saa sita: nivumilie au niachane nayo?

Shikamoo Mama,

Mimi ni mwalimu wa darasa la nne, nina miaka 26, naishi Kondoa. Tangu nikiwa shule ya msingi macho yangu yalikuwa yanawasha sana, hasa kipindi cha vumbi, na nilikuwa nayafikicha kwa viganja mpaka mama ananishika mikono. Nilipofika chuo cha ualimu nikaanza kubadilisha miwani ovyo. Naipata mpya, baada ya miezi michache herufi zinaanza kuota mikia. Taa za magari usiku zinachanua. Ramadhani iliyopita tulitoka nje kutazama mwezi mwandamo, wenzangu wakauona mmoja, mimi kwa jicho la kulia nikaona miezi mitano au sita imepandana.

Nikapelekwa hospitali ya rufaa. Wakanipiga picha ya konea, kile kioo cha mbele cha jicho, kwa mashine, wakasema ni keratokonasi, yaani konea inakonda na kuchomoza mbele kwa umbo la pia, kama koni. Karatasi ninayo: jicho la kulia palipopinda zaidi ni dayopta (kipimo cha mpindo) 54 na unene ni mikroni 455, la kushoto ni 48 na 490. Wakaniambia miwani haitanifaa tena, nitafute lenzi ngumu za kuvaa jichoni.

Nikaenda duka moja la miwani mjini. Yule bwana akachukua karatasi yangu, akanipima kidogo, akaagiza. Lenzi zikaja baada ya wiki kadhaa. Kusema kweli siku ile nililia kwa furaha. Kwenye ubao wa herufi, kwa miwani jicho la kulia lilikuwa linaishia mstari wa 6/36, wenye herufi kubwa, kwa lenzi nikasoma hadi 6/9, wenye herufi ndogo. Nikaona nyufa za ukuta wa darasa langu ambazo sikujua kama zipo.

Jicho la kushoto halina neno. La kulia ndilo shida. Asubuhi nakuwa sawa, ikifika saa sita linachoma, linaiva, machozi yanatiririka mbele ya wanafunzi. Lenzi inatelezateleza, na siku moja ilidondokea kwenye daftari la mtoto nikiwa nasahihisha. Nikishaitoa jicho linaendelea kuuma hadi usiku, na asubuhi nikivaa miwani naona ukungu. Nikirudi dukani naambiwa, "Vumilia mwalimu, utazoea."

Mwalimu mwenzangu anasema niagize zile laini za mtandaoni. Kaka yangu aliyeko Muscat anasema atanichangia nikabadilishwe konea nje ya nchi, tumalize. Mama yangu anasema lenzi ndiyo inayonichimba jicho. Na mimi nilidhani nikivaa lenzi ugonjwa utasimama, sasa sijui. Kuna na suala la udhu, maana natawadha mara tano kwa siku na naogopa maji. Nishauri, Mama.

Mwalimu, Kondoa

*

Marahaba, mwanangu.

Usivumilie. Naanza na hilo kwa sababu ndilo lenye haraka. Lenzi ya kulia ipumzishe kuanzia leo. Jicho linalouma saa nyingi baada ya lenzi kutoka, kisha likaamka na ukungu, ni jicho lililochubuka au lililovimba, na linatakiwa lionwe na daktari wa macho ndani ya siku hizi mbili tatu. Ukiona doa jeupe kwenye sehemu nyeusi ya jicho, au tongotongo la usaha, au mwanga unakuchoma mpaka huwezi kufumbua, nenda siku hiyohiyo, hata kama ni Jumapili.

Sijasema uachane na lenzi. Jicho lililokuwa linaishia 6/36 likafika 6/9 limekwisha kukuambia kwamba dawa yake ya kuona ni hiyo. Kosa liko kwenye namna hii moja ilivyokaa juu ya jicho lako.

Huyo bwana wa dukani hakudanganya moja kwa moja, kwa maana kuzoea kupo. Lenzi ngumu mwanzoni inasumbua: kope ikishuka inagonga ukingo wake, unahisi kuna kitu, machozi yanakuja. Ndiyo maana tunaanza na saa chache kwa siku, tatu au nne, tunaongeza kidogokidogo. Hali hiyo inatakiwa ipungue kila siku, na lenzi ikitoka jicho litulie. Wewe mambo yako yanakwenda kinyume: unaanza vizuri, unaharibikiwa mchana, na maumivu yanabaki hata lenzi ikiwa ndani ya kikopo. Hapo hakuna cha kuzoea.

Kuna sentensi moja katika barua yako niliyoisoma mara mbili: "Akachukua karatasi yangu, akanipima kidogo, akaagiza." Hujaandika kwamba alikuwekea lenzi ya majaribio. Kama kweli hakuiweka, nafikiri tumeshajua tuanzie wapi.

Nikueleze kwa nini. Konea ndiyo kioo cha mbele cha jicho, na karibu theluthi mbili ya kazi yote ya kukusanya mwanga inafanyika pale. Kwa mtu asiye na tatizo ina unene wa kama mikroni 540 katikati, yaani nusu milimita na kidogo, na mpindo wake ni wa mpangilio. Kwako imekonda, imechomoza, tena haikuchomoza katikati sawasawa, mara nyingi kilele kinaangukia chini kidogo. Mwanga unaingia kila upande kwa njia yake, ndiyo hiyo miezi mitano. Miwani haiwezi kurekebisha, kwa sababu kioo chake kina mpangilio na konea yako haina. Lenzi laini ya mwenzako nayo inajilaza juu ya konea na kufuata kila bonde na kilima, kwa hiyo uso wa mbele unabaki na kasoro ileile. Lenzi ngumu haijikunji. Inabaki na umbo lake, na machozi yanajaza nafasi iliyopo kati yake na konea, kama fundi anavyopiga lipu ukuta wenye mashimo. Mwanga unakutana na uso mmoja laini.

Lakini ili machozi yajaze vizuri, lenzi lazima ikae mahali pake, na hapo ndipo palipo ufundi wote. Karatasi ya mashine inampa mtaalamu mahali pa kuanzia tu. Haimwambii kope zako zinabana kiasi gani, machozi yako yakoje, wala lenzi itateremka wapi ukipepesa. Mtaalamu anayejua keratokonasi ana sanduku la lenzi za majaribio zenye mipindo tofauti. Anachagua moja, anakuwekea, halafu anakuacha ukae nje kama dakika 20 au 30, maana jicho linalotiririka machozi halionyeshi ukweli. (Ukiona mtu anakuwekea lenzi na kuhukumu papo hapo, jua ana haraka ya mteja anayefuata.)

Kisha anagusisha weupe wa jicho kwa ncha ya kikaratasi chenye fluoresini, rangi ya chungwa. Machozi yanaibeba rangi hiyo hadi chini ya lenzi. Anawasha taa ya buluu kwenye darubini yake, na pale anaiona ramani hai: penye machozi mengi panawaka kijani, palipogusana na konea panakuwa peusi. Anachotafuta kwa jicho kama lako ni mguso mwepesi sana juu ya kilele, uzito wa lenzi ugawanywe na sehemu mbili za pembeni, na ukingoni kuzunguka pande zote kuwe na utepe wa kijani ambao machozi yatapita kuingia na kutoka. Anakuomba upepese. Lenzi inatakiwa isogee kidogo, kama milimita moja, kisha irudi.

Lenzi ikiwa bapa kupita konea, inakalia kilele peke yake. Katikati kunakuwa na doa jeusi, lenzi inabembea, ukingo wa chini unanyanyuka, kope inaudaka na kuitupa nje. Kilele kinasuguliwa kutwa nzima. Ikiwa imepinda kupita kiasi, inabana: haisogei, viputo vya hewa vinanaswa chini yake, na ukiitoa inaacha alama ya duara kwenye jicho. Yako inayoteleza, inayodondokea madaftari na kuchoma kuanzia mchana, inanuka ubapa. Siwezi kuapa nikiwa mbali, vumbi la chaki nalo linaweza kuwa na mkono wake, lakini nikipewa jicho hilo kesho, hapo ndipo nitakapotazama kwanza. Na jambo hili si la raha tu. Utafiti mkubwa wa Marekani uitwao CLEK, ulioanza 1995 na kufuatilia wagonjwa zaidi ya 1,200, uliihusisha lenzi inayokalia kilele na makovu ya konea. Kovu likikaa katikati, hata lenzi nzuri haitakurudishia 6/9 yako.

Kwa hiyo mama yako ana nusu ya ukweli. Lenzi iliyokaa vibaya inaweza kuchimba. Iliyokaa vizuri haichimbi, na jicho lako la kushoto ndilo shahidi.

Umbo likishakubaliana ndipo mtaalamu anaweka vioo vya kupimia mbele ya lenzi ya majaribio atafute nguvu. Umbo kwanza, nguvu baadaye. Halafu anaagiza, na kwa kuwa lenzi hizi kwa kawaida zinatengenezwa nje, mwombe akuandikie vipimo vyote: mpindo, kipenyo, nguvu na aina ya plastiki. Karatasi hiyo ni mali yako. Kabla hujalipa, muulize pia kama bei inajumuisha kubadilishiwa iwapo ya kwanza haitakaa, maana kwa keratokonasi kurudia mara moja au zaidi ni jambo la kawaida kabisa, hata mikononi mwa bingwa.

Na ikishindikana kabisa kwa lenzi ndogo? Zipo njia. Wengine tunawawekea lenzi laini chini na ngumu juu yake, ile laini iwe godoro la kilele. Njia nyingine ni lenzi kubwa ya sklera, ya milimita 15 au zaidi, ambayo haigusi konea hata kidogo. Inakalia weupe wa jicho na kuivuka konea, na katikati kunabaki maji ya chumvi. Wazo lenyewe ni la zamani: mwaka 1888 Adolf Fick huko Zürich alieleza lenzi za kioo za kuvaliwa jichoni, na mwaka huohuo Eugène Kalt wa Paris alizijaribu kwa wagonjwa wa ugonjwa wako huu. Hazikuvalika kwa muda mrefu, konea ilikosa hewa. Leo kuna plastiki inayopitisha oksijeni. Kwa mtu wa Kondoa anayekula vumbi la barabarani na chaki za darasani, mimi ningeifikiria sklera mapema, kwa sababu vumbi halipenyi kirahisi chini yake. Ubaya wake ni bei, na kwamba kila siku unahitaji maji maalumu ya chumvi yasiyo na dawa ya kuzuia kuoza, pamoja na kinyonyeo kidogo cha mpira cha kuivalia na kuitolea. Kama huna uhakika wa kuyapata maji hayo mwezi hadi mwezi, usianze.

Sasa swali ambalo hukuuliza vizuri, na kwangu ni kubwa kuliko hilo la lenzi: je, ugonjwa bado unatembea?

Lenzi haiusimamishi. Inakupa kuona, basi. Keratokonasi kwa kawaida huanza ujanani na huendelea hadi miaka ya thelathini na kitu, na wewe una 26. Ramani moja ya konea, yaani ile picha uliyopigwa kwa mashine, haisemi kama unatembea. Zinatakiwa mbili, zilizopishana miezi sita hadi mwaka, zilinganishwe. Ikionekana inazidi kuchomoza, kuna matibabu ya kuikaza yanayoitwa krosilinki: daktari anaondoa ngozi nyembamba ya juu ya konea, anadondoshea vitamini B2, kisha anamulika kwa mwanga wa urujuanimno. Katika utaratibu wa awali, uliobuniwa Dresden, Ujerumani, mwanga ni wa dakika 30. Lengo ni kufunga nyuzi za konea zisilegee zaidi. Hakurudishi jicho kama lilivyokuwa, na lenzi utaihitaji bado.

Hapa angalia namba yako. Utaratibu huo wa kawaida unataka konea isipungue mikroni 400 baada ya ile ngozi ya juu kuondolewa, na ngozi hiyo ina kama mikroni 50. Toa 50 kwenye 455. Umebaki na nafasi finyu mno. Zipo mbinu za konea nyembamba zaidi, lakini usingoje mpaka uzihitaji. Ukitakiwa kufanyiwa krosilinki, ifanye kwanza, jicho lipone na kutulia, ndipo upimwe lenzi mpya. Ukiagiza lenzi kabla, utakuwa umeinunulia konea nguo itakayoibana.

Fedha ya kaka yako, mshukuru sana, na umwombe aielekeze huko: ramani ya pili, krosilinki ikihitajika, na lenzi iliyopimwa kwa majaribio. Kubadilisha konea tunakuwekea akiba kwa siku ambayo kovu limeziba njia au hakuna lenzi inayokaa. Mwambie kwamba nyuzi za kushonea zinaweza kukaa mwaka na zaidi, mwili unaweza kuikataa konea ya mtu mwingine hata baada ya miaka, na wengi waliobadilishiwa huishia kuvaa lenzi ngumu juu ya hiyo mpya. Hiyo "tumalize" yake haipo.

Kufikicha macho, acha. Nimeona vijana wengi wa huku kwetu wenye historia kama yako, macho ya mzio tangu utotoni, viganja machoni asubuhi na jioni, baadaye keratokonasi. Mzio utibiwe: kitambaa cha maji baridi juu ya kope zilizofumbwa, na matone ya kuzuia mzio aliyoandika daktari. Yale matone yenye steroidi usijinunulie duka la dawa kwa sababu tu yalimsaidia jirani. Yanatuliza haraka kweli, na yakitumika kiholela yanapandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Lenzi ikiwa ndani, jicho likawasha, itoe kwanza. Kufikicha juu ya lenzi ngumu ni kuisaga konea.

Kuhusu udhu, hofu yako ina msingi. Maji ya bomba, ya kisima, ya tangi, yote yanaweza kuwa na kijidudu aina ya amiba aitwaye Acanthamoeba, na akiingia chini ya lenzi analeta maradhi ambayo yanatibiwa kwa miezi mingi na yanauma vibaya sana. Lakini kuosha uso hakuhitaji maji yaingie ndani ya jicho. Fumba macho sawasawa, osha uso, kausha kope kwa kitambaa safi ndipo ufumbue. Kwa sababu hiyohiyo lenzi haisuuzwi kwa maji ya ndoo, wala hailambwi, wala kikopo chake hakioshwi bombani: mwaga dawa ya jana ya kutunzia lenzi, kifute, kiache wazi kikauke, na baada ya kama miezi mitatu kitupe. Usilale nazo. Beba chupa ya dawa na kikopo kwenye mkoba wako wa shule, ili ikidondoka tena kwenye daftari usiirudishe jichoni na wino wa mtoto. Wanja upake baada ya kuvaa lenzi, na usipitishe ndani ya ukingo wa kope. Na nje, miwani ya jua juu ya lenzi itakusaidia na upepo.

Unapovaa nyumbani, tandaza kitambaa cheupe mezani, kioo kilale chini, wewe uinamie. Wengi wanavaa wakiwa wamesimama kwenye sinki, na sinki zimekula lenzi nyingi.

Pa kwenda: tafuta hospitali ya rufaa ya kanda au kliniki yenye mtaalamu wa optometria, yaani upimaji wa macho, anayepima lenzi za keratokonasi mara kwa mara. KCMC Moshi, kwa mfano, optometria inafundishwa palepale. Piga simu kwanza, uulize maswali mawili tu: mna sanduku la lenzi za majaribio za keratokonasi? Mnatumia fluoresini kuangalia? Wakisitasita, shukuru, piga kwingine.

Lenzi ngumu inaifinyanga konea, kwa hiyo kabla ya ramani ya pili ondoa zote mbili, na ile ya kushoto pia, kwa wiki mbili au muda watakaokuambia. Utafundisha kwa miwani na utaona vibaya, kwa hiyo panga iwe wakati wa likizo, au mwambie mwalimu mkuu mapema. Ila likizo ni kwa ajili ya ramani. Jicho la kulia lionwe sasa. Siku ya kwenda kwa mtaalamu wa lenzi beba karatasi ya zamani, miwani, na lenzi zako zote mbili ndani ya dawa, kila moja upande wake. Mwambie mtaalamu akuwekee ile ya kulia mbele yake, aitazame chini ya taa ya buluu kabla hajagusa nyingine.